Injini ya 4A-GE ya mizunguko 8,500, na gia na difu zinazoifaa

Miradi mingi ya aina hii huharibika kabla bolti moja haijalegezwa, kwa sababu mtu ameanza kwa kuchagua kamshafti, shafti yenye ncha zinazofungua valvu. Ananunua kali kuliko zote, anaifunga, injini inaamka kuanzia mizunguko 6,000 kwa dakika, kisha anakuta kila akitoka gia ya kwanza kwenda ya pili sindano ya kipimo cha mizunguko inaangukia 4,800, mahali ambapo injini hiyo haina kitu. Gari linakuwa zito kuliko lilivyotoka kiwandani. Anza nyuma ya gari uje mbele: tairi, difu (gia za mwisho kabla ya magurudumu), gia, halafu ndipo uamue injini izunguke hadi wapi na ianze kuvuta wapi.

Mfano wetu ni Toyota 4A-GE ya valvu 16 kwenye Corolla AE86, gari la kusukuma kwa magurudumu ya nyuma lililoingia sokoni Japani mwaka 1983. Tundu la silinda ni mm 81, mwendo wa pistoni mm 77, ujazo cc 1,587, na konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki, shafti inayozungushwa na pistoni) ina mm 122 kutoka kitovu hadi kitovu. Gia boksi ni T50. Mwenye AE92 au AE101, Corolla za kuvuta kwa magurudumu ya mbele, atafanya hesabu zile zile, ila difu yake imo ndani ya gia boksi, kwa hiyo kuibadili ni kuipasua gia boksi yote.

Usiichanganye na 4A-FE, iliyojaa kwenye Corolla na Carina za mitumba. Tundu na mwendo wa pistoni vinalingana, lakini hedi (kichwa cha injini chenye valvu) ya 4A-FE ilitengenezwa kwa kubana mafuta, si kwa kupumua juu. Pesa utakazoitupia hedi ile zinatosha kununua 4A-GE kamili.

Hesabu ya gia kabla ya spea

Pima mzingo wa tairi mwenyewe. Jaza upepo unaotumia, mtu akae kwenye usukani, weka alama ya chaki kwenye tairi na sakafuni, sukuma gari mpaka tairi lizunguke mara moja, pima urefu. Tairi la 185/60R14 kwa hesabu ya karatasi lina mzingo wa mita 1.81, lakini likibeba gari hupungua hadi kama mita 1.76. Namba hiyo ya pili ndiyo ya kutumia.

Kasi kwa km/saa = mizunguko × mzingo kwa mita × 0.06 ÷ (uwiano wa gia × uwiano wa difu)

T50 ina 3.587, 2.022, 1.384, 1.000 na 0.861, na difu ya kawaida ya AE86 yenye 4A-GE ni 4.300. Ukibadili gia kwenye 8,500 utapata hivi:

Ya kwanza inaishia km 58 kwa saa, ya pili inapokea kwenye 4,790.
Ya pili inaishia 103, ya tatu inapokea kwenye 5,820.
Ya tatu inaishia 151, ya nne inapokea kwenye 6,140.
Ya nne inaishia 209, ya tano inapokea kwenye 7,320.

Tazama mstari wa kwanza. Kutoka ya kwanza kwenda ya pili unapoteza mizunguko 3,700, na hilo ndilo shimo la T50. Wengi wanadhani difu fupi italiziba. Haitaliziba. Difu inabadili kasi ya gari kwenye kila gia, lakini mwachano kati ya gia na gia unabaki ule ule, kwa sababu unatokana na uwiano wa gia zenyewe: 2.022 ÷ 3.587 ni 0.56, weka difu yoyote upendayo.

Zipo njia mbili za kweli. Ya kwanza ni seti ya gia za karibu. Ukitaka injini isishuke chini ya 5,500 ukibadili kwenye 8,500, uwiano kati ya gia mbili usiwe chini ya 0.647, ukibakiza ya pili ya 2.022, ya kwanza iwe kama 3.12. Gharama yake ni fedha, na klachi itakayoteseka unapoondoka mlimani. Njia ya pili ni kamshafti inayoanza kuvuta kabla ya 4,800. Kwa gari linalotembea barabarani siku za kawaida, hii ya pili ndiyo tunayoipendekeza bila kusita. Kwenye mbio za uwanjani shauri hubadilika: gia ya kwanza hutumika kuanzia tu, na mwachano unaohusika ni wa pili kwenda tatu, unaokuacha juu ya 5,800. Hapo kamshafti kali ina haki yake.

Difu nayo ina kazi yake. Kwa 4.300, gia ya tano ingefika km 242 kwa saa kwenye 8,500, kasi ambayo injini ya farasi 160 au 170 haitaisukuma AE86 kuifikia. Una gia isiyo na kazi. Ukiweka 4.778 (meno 43 kwa 9), gia zinaishia kwenye km 52, 93, 136, 188 na 218, na kila gia inasukuma magurudumu kwa nguvu zaidi kwa asilimia 11. Unachokilipia ni kelele na mafuta: km 100 kwa saa kwenye gia ya tano ilikuwa mizunguko 3,500, sasa ni 3,900.

Mizunguko inabeba nini

Pistoni ya 4A-GE kwenye 8,500 husafiri kwa wastani wa mita 21.8 kwa sekunde. Kwa chuma kizuri hilo si jambo la kutisha. Kinachovunja injini ni pistoni kusimamishwa na kugeuzwa pale juu kabisa. Kwenye 7,600 mgeuko huo ni kama mara 3,270 ya nguvu ya mvutano wa dunia; kwenye 8,500 ni mara 4,090. Pistoni yenye gramu 400 pamoja na pini na ringi zake inaivuta konrodi kwa mzigo wa zaidi ya tani 1.6, na inafanya hivyo mara 142 kila sekunde. Mzigo huo hukua kwa mraba wa mizunguko: umeongeza mizunguko asilimia 12, mzigo umepanda asilimia 25. Ndiyo maana gramu 30 ulizozipunguza kwenye pistoni zina thamani kuliko farasi 5 za kwenye hedi.

Chagua bloku yenye mbavu saba nyuma. Kizazi hicho kina krenki yenye shingo za konrodi za mm 42 na pini za pistoni za mm 20, badala ya 40 na 18 za mwanzo. Kabla ya kulipa fedha yoyote ya uchongaji, ipeleke krenki ikakaguliwe nyufa kwa sumaku. Krenki ya mtumba haina cheti.

Konrodi za kiwandani zikikaguliwa nyufa, zikapewa bolti za mashindano na matundu yake makubwa yakachongwa upya, zinafika 8,000 kwa usalama. Neno la kushika ni hilo la kuchongwa upya: bolti mpya hubana kwa nguvu tofauti, tundu linapoteza uduara, na beringi inaliwa upande mmoja. Kwa 8,500 ya kila siku nunua konrodi za chuma cha kufuliwa zenye mm 122.

Bolti za konrodi usizikaze kwa kuamini toki renchi peke yake. Msuguano wa nyuzi hubadilika kwa oili uliyopaka na kwa idadi ya mara bolti ilivyokazwa, kwa hiyo renchi inaweza kukuambia umefika na bolti bado imelegea. Pima urefu wa bolti ikiwa huru kwa mikromita, uandike. Paka grisi iliyokuja na bolti, kaza, pima tena ikiwa imekazwa. Urefu ulioongezeka ndio mkazo wenyewe. Kwa bolti nyingi huwa kati ya mm 0.13 na 0.16, lakini namba ya karatasi ya bolti zako ndiyo sheria. Weka daftari la kila bolti kwa jina la silinda yake. Siku utakapofungua injini, bolti iliyobaki ndefu kwa mm 0.02 au zaidi kuliko urefu wake wa mwanzo imekwisha, itupe.

Nafasi za beringi: kadiria mm 0.001 kwa kila milimita ya kipenyo cha shingo. Shingo za konrodi za mm 42 zipate 0.042 hadi 0.050, shingo kuu za mm 48 zipate 0.048 hadi 0.055. Ukibana zaidi ya hapo oili haitapita ya kutosha kupoza. Ukilegeza zaidi presha inashuka injini ikipata moto. Ringi ya juu kwenye tundu la mm 81 ipate mwanya wa mm 0.32, ya pili 0.36 hadi 0.40, na upime kila ringi ndani ya silinda itakayokaa. Nafasi ya pistoni na silinda hutegemea aloi ya pistoni, fuata karatasi yake tu.

Oili ndiyo inayoamua umri. Pampu ya 4A-GE inaendeshwa moja kwa moja na ncha ya krenki, na meno yake hupasuka krenki inapotetemeka kwa msokoto kwenye mizunguko mikubwa. Funga pampu mpya, hakikisha ncha ya krenki haijaliwa, na ubakize puli ya krenki yenye raba inayonyonya mtetemo. Puli nyepesi za alumini zinauzwa kwa sifa nyingi, lakini kwenye injini hii tunazikataa. Lenga presha ya baa 0.7 kwa kila mizunguko 1,000 oili ikiwa moto. Ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) chomelea vizuizi vyenye vilango vinavyofunguka kuelekea kwenye mdomo wa pampu, kwa sababu kona ndefu hukimbiza oili pembeni, na sekunde mbili za pampu kunyonya hewa zinatosha kuua beringi ya konrodi.

Mwisho wa sehemu ya chini, balansi. Pistoni zilingane ndani ya gramu 1, konrodi zipimwe ncha zote mbili, kisha krenki ibalansiwe pamoja na puli, flaiwili (gurudumu zito mwishoni mwa krenki) na kifuniko cha klachi, vikiwa na alama ili virudi mahali pale pale.

Hedi

Kwa mwachano wa gia tuliouona, kamshafti ya digrii 264 (muda inaoishikilia valvu wazi, kwa digrii za mzunguko wa krenki) inafaa gari la barabarani na inatoa nguvu hadi kama 7,500 au 7,800. Ya 288 huhitaji gia za karibu au uwanja, na ya 304 ni ya mashindano tupu. Namba hizi hutofautiana kidogo kwa kila mtengenezaji, maana hawapimi wote kutoka kimo kimoja cha mnyanyuo.

Tapeti za valvu 16, vikombe vinavyokaa kati ya kamshafti na valvu, hubeba shimu (kisahani cha kurekebisha nafasi ya valvu) juu ya kikombe. Mnyanyuo ukizidi kama mm 8.5 na mizunguko ikapanda, ncha ya kamshafti inaweza kuirusha shimu nje, na shimu iliyoruka huvunja kamshafti na kikombe kwa pamoja. Badili kwenda aina ya shimu ndogo chini ya kikombe. Springi ziwe za kulingana na kamshafti; valvu ikiwa imefunguka yote ibaki angalau mm 1 kabla springi haijagusana yenyewe kwa yenyewe. Springi dhaifu huonekana kwa dalili moja: injini inavuta vizuri hadi 7,800, kisha inaanza kupiga mafua kana kwamba moto unakatika. Wengi hubadili koili na plagi wakati valvu ndizo zinazoelea, yaani hazifungi kwa wakati.

Pima nafasi ya valvu na pistoni kwa udongo wa kuchezea watoto. Bandika kipande kwenye kila mfinyo wa valvu juu ya pistoni, paka oili kidogo usinate, funga hedi na gasketi iliyokwisha kutumika, tegesha mkanda kwa taiming utakayotumia, zungusha krenki kwa mkono mara mbili kamili. Ukihisi ugumu, simama hapo hapo. Fungua, kata udongo kwa wembe, pima pembamba kuliko pote: mm 1.5 upande wa kuingiza, mm 2.0 upande wa eksozi, ukiongeza tofauti ya unene kati ya gasketi ya zamani iliyokwisha kubanwa na mpya. Valvu za eksozi hudai zaidi kwa sababu pistoni ndiyo inayozifukuza.

Kompresheni, yaani silinda inaibana hewa mara ngapi, ihesabu kwa ujazo. Silinda moja ni cc 396.8. Ukitaka 11:1, nafasi yote juu ya pistoni, pamoja na gasketi, iwe cc 39.7; kwa 10.3:1 ni cc 42.7. Gasketi yenye unene pungufu kwa mm 0.5 inaondoa kama cc 2.6 na kukutoa 10.3 hadi karibu 10.9. Kati ya ukingo bapa wa pistoni na hedi pabaki mm 0.9. Kabla ya kulenga 11, uliza petroli mbaya kabisa utakayolazimika kujaza safarini ina okteni ngapi, ujenge kwa hiyo. Walioko Nairobi, kwenye kimo cha mita 1,700 hivi, wana hewa nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya Mombasa: injini itapoteza nguvu kwa kiasi hicho, na kompresheni ya 11 itavumilika kirahisi zaidi. Lakini gari likishuka pwani injini inaanza kugonga, petroli ikilipuka ovyo ndani ya silinda, kwa hiyo ramani ya moto (mpango wa wakati wa plagi kuwasha) itegeshwe kwa pwani.

Mafuta na moto havihitaji maneno mengi. Ondoa kipimo cha hewa chenye kilango, weka kompyuta ya injini inayoweza kupangwa. Ukubwa wa injekta: farasi × 5.25 ÷ (idadi ya injekta × 0.85). Kwa farasi 170 ni cc 263 kwa dakika kila moja. Mguu ukiwa chini kabisa, uwiano wa hewa na petroli uwe 12.8 hadi 13.0. Plagi ziwe baridi kwa hatua moja.

Kuanzia flaiwili hadi ekseli

Flaiwili nyepesi haiongezi farasi. Inaipa injini wepesi wa kupanda na kushuka, na hilo linahisiwa zaidi kwenye gia ya kwanza na ya pili. Kwa barabarani usishuke chini ya kilo 4, la sivyo gari litazima kila likiondoka. Nunua iliyotengenezwa kwa chuma cha kufuliwa. Flaiwili ya kalibu iliyochongwa kupita kiasi inaweza kupasuka kwenye 8,500, na vipande vyake hupita kwenye sakafu ya gari palipo na miguu ya dereva. Kifuniko cha klachi nacho kiwe kimeidhinishwa na mtengenezaji kwa mizunguko hiyo.

Propela shafti husahauliwa. Kwenye gia ya nne inazunguka sawa na injini. Kwenye ya tano inaipita. Na ukiweka difu fupi, shafti inazunguka haraka zaidi kwa kasi ile ile ya gari: kwa km 200 kwa saa ilikuwa mizunguko 8,140 na difu ya 4.300, sasa ni 9,050 na ya 4.778. Shafti ya AE86 ni ya vipande viwili yenye beringi katikati, na ina sababu: ndefu ya kipande kimoja ingepinda kama kamba katika mizunguko hiyo. Badili krosi (viungo vinavyojipinda vya shafti) zote, badili raba ya beringi ya kati, kisha ipeleke ikabalansiwe ikiwa kamili. Mtetemo unaofuata kasi ya gari, usiobadilika ukikanyaga klachi, unatoka huku.

Difu mpya ikifungwa, mwachano wa meno upimwe kwa saa ya kupimia na mguso ukaguliwe kwa rangi. Kisha iendeshe km 20 polepole, iache ipoe kabisa, urudie mara kadhaa kabla ya kuibebesha mzigo, na oili ya kwanza imwagwe baada ya km 800.

Mahali pa kubadili gia ni baada ya kilele cha nguvu, pale gia inayofuata itakaposukuma magurudumu sawa au zaidi ya hii uliyonayo. Kilele kikiwa 7,800, mara nyingi ni kati ya 8,300 na 8,500. Weka kikomo cha kompyuta kwenye 8,700, lakini ujue hakikulindi dhidi ya mkono wako: ukiwa gia ya tatu kwenye 7,000 ukarudisha ya pili, magurudumu yanaizungusha injini hadi 10,200, na hakuna kompyuta inayoweza kulizuia hilo.

Siku ya kwanza ya kuwasha, zungusha kwa stata bila plagi mpaka presha ya oili ionekane. Kamshafti mpya ishikiliwe kwenye 2,000 hadi 2,500 kwa dakika 20, usiiache iungurume chini. Ringi zikalishwe kwa mzigo wa kati na kuachia, si kwa kutembea taratibu siku nzima. Baada ya km 500 mwaga oili, kata filta kwa kisu cha bomba, tandaza karatasi yake juani: vumbi la kijivu ni la kawaida, vipande vinavyong'aa vyenye rangi ya shaba ni beringi, fungua sampu siku hiyo hiyo. Pima tena nafasi za valvu zikiwa baridi kwa vipimo vya mtengenezaji wa kamshafti. Zikiwa zimebana kwa zaidi ya mm 0.05, valvu zinazama kwenye viti vyake; usiipandishe injini juu ya 7,000 mpaka ujue ni kwa nini.